Subiri Kidogo

Kaka yangu Olgierd ameleta diski mpya.
Nyuma ya kasha wameandika: picha imesafishwa
fremu kwa fremu, sauti imekung'utwa vumbi,
imegawanywa kwenye spika sita.
Spika sita! Sebule hii ya Gdynia ina viti vinne,
na kimoja kinasimama kwa hisani ya tofali.
Spika mbili amezipandisha juu ya kabati la vyombo.
Vikombe vinatetemeka kabla jasusi hajatokea.

Anatokea. Anachomoza kwenye pipa la samaki
kama alivyochomoza tulipokuwa watoto,
ila sasa magamba kwenye kola yake nayahesabu:
kumi na moja.
Naona ukingo wa wigi. Naona gundi ya masharubu.
Naona bomu la kuiteketeza Ulaya nzima
ni kopo la rangi, limepigwa brashi upande mmoja tu.
Helikopta inaning'inia kwenye uzi.
Zamani chenga za kanda ziliumeza uzi ule,
nasi tukaapa kwa Mungu kwamba inaruka.

Kanda yetu aliileta Hieronim, baharia wa ghorofa ya tatu,
ndani ya buti, imevishwa soksi.
Nakala ya nakala ya nakala,
mjukuu asiyefanana na yeyote ukoo mzima.
Uso wa jasusi ulikuwa donge la unga
lenye mashimo mawili.
Wekundu wa gauni ulimwagika nje ya gauni,
ukamfuata mwenyewe chumba hadi chumba kama paka.
Mstari wa kelele ulipopanda skrini,
baba aliizaba runinga kofi,
ikatii dakika tano.

Kiingereza hakuna aliyekijua,
isipokuwa baba, tena cha makaratasi:
karani wa forodha, aliyelipwa mshahara
kuzikamata kanda kama hiyo.
Akajifungia jikoni na maikrofoni ya kuazima,
blanketi kichwani,
akasema maneno ya watu wote kwa sauti moja.
Jasusi ni baba.
Jenerali ni baba.
Mrembo mwenye bastola kwenye soksi, naye baba:
"Nibusu, Rudolfu, kabla hatujalipuka,"
kwa lafudhi ya mtu anayesoma ushuru wa vitunguu.

Tulicheka mpaka mama akatuzimia taa.
Na birika lilipopiga mluzi nyuma ya maneno
tulidhani ni treni, tukaitafuta kwenye picha.

Halafu dakika ya arobaini na moja.
Jasusi amefungwa ukutani, bunduki saba zimemwelekea,
jenerali anainua mkono. Kimya.
Na baba, kwa upole kabisa: "Subiri kidogo."
Miaka yote hiyo nilimpenda jenerali yule.
Nilikuwa mtu mzima, nimeshamzika baba,
mama aliponiambia: alikuwa Bi Genowefa,
anagonga mlango wa jikoni, anataka chumvi.

Usiku huu jenerali anainua mkono.
Naona kucha zake. Naona jasho, tone,
na ndani ya tone taa ya studio.
Kimya kinatoka kwenye spika zote sita,
kimya safi, kilichooshwa, kikaanikwa.
Olgierd hanitazami. Mimi simtazami.
Midomo yetu imeshafunguka.

Anarudisha nyuma. Mkono unapanda tena.
Anaongeza sauti, kana kwamba kitu
kimejificha chini ya sakafu ya kimya kile,
anaongeza tena, sasa tunasikia
viatu vya askari vikisogea, koo la mtu, upepo,
na vikombe vyetu,

na ngo, ngo, ngo.
Ni fimbo, juu ya dari.
Bi Genowefa, miaka tisini na moja,
anataka kulala.

Olgierd anainua uso kuelekea darini,
na kwa sauti ya ushuru wa vitunguu
anamjibu.