Hodi ya Saa Nane

Kazi yangu ni kubisha hodi.
Kila sekunde thelathini, usiku kucha,
kwenye milango mia mbili na kumi na minne
ya mashine nisizozijua sura:
ruta ya zahanati, swichi ya posta,
seva ya benki inayoitika kwa madaha
kana kwamba kila neno lina nauli.
Hodi. Karibu. Milisekunde tisa.
Hodi. Karibu. Kumi na moja.
Mgeni muungwana hubisha mara tatu,
asipoitikiwa, huyo, anakwenda zake.
Mimi hapo ndipo zamu yangu inapoanza.

Naryn, mwezi wa tatu. Nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
mto umeganda hadi miguuni mwa daraja.
Ndani tuko wawili: mimi, Bermet,
na birika la Zamirbek, ambaye mwenyewe ametoroka.

Tangu Jumatatu mlango mmoja ulinichezea.
Shule ya Kök-Bulak, kule juu, njia inakokatikia.
Saa nane na dakika kumi: kimya.
Saa kumi na moja kasoro robo: karibu,
kama si yeye.
Jumanne vivyo hivyo. Jumatano.
Grafu ikawa kinywa chenye pengo,
jino lilelile, kila usiku.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema.
Chombo changu hakina wahenga.
Kwake kimya ni kimya,
nukta nyekundu, na kengele inayoamsha watu.

Nikafuata nyayo.
Mnara wa bondeni, mzima. Mnara wa kilimani, mzima.
Kisha nyota, nyota, nyota,
tatu tatu mstari kwa mstari,
alama ya asiyejibu.
Dirishani zilikuwepo nyingine. Nazo hazikujibu.

Nilikwisha kumshuku mwizi. Nilimpa hata jina.
Nikanasa pakiti za jioni nzima, nikazichambua kama mchele:
masomo ya hesabu, video ya mieleka,
mwalimu anayempigia mkewe Bishkek kila magharibi.
Bahasha naiona, barua siioni,
na kwa hilo nashukuru.
Mwizi hakuwemo.

Daftari la swichi lilikuwa na mstari mmoja,
mwandiko wa karani mwoga:
nimeamka. Sababu ya kulala, umeme.

Alhamisi nikashika simu ya mezani,
chombo kikongwe kuliko vyote chumbani.
Mlinzi Toktosun alipokea akihema.
"Tundu la umeme ni moja, binti yangu,
na kondoo wanazaa. Wa jana sikio lake limeganda.
Nachomoa sanduku lenu la vitaa, nachomeka hita.
Kabla ya adhana nalirudisha.
Sanduku halifi kwa baridi."
Nyuma yake kitu kikalia, chembamba,
sauti isiyo na mhimili kwenye grafu yoyote.

Kanuni inasema: ripoti, onya, funga.
Niliandika:
*Kök-Bulak, matengenezo ya usiku,
hadi mwisho wa Aprili. Asiamshwe mtu.*
Gari la Ijumaa likapanda na waya wa kugawia umeme,
matundu matano, risiti kwa jina langu.

Leo Jumamosi. Zamirbek yupo, amelala juu ya koti.
Saa nane na dakika kumi, nabisha.
Karibu, inasema swichi.
Milisekunde arobaini na moja, njia ni ndefu.

Basi naiuliza jambo ambalo sijawahi kuiuliza,
ingawa kipimo kimo ndani yake tangu kiwandani:
joto la sandukuni?
Nyuzi mbili.
Nne.
Saa tisa, kumi na moja.
Hakuna msimamizi aliyeuomba mstari huu.
Nimeuweka juu kabisa ya skrini,
na chai yangu imepoa nikiutazama unapanda.