Mifupa Minane

Mlango mkubwa wa Minara Miwili haufunguliwi Ijumaa.
Unazunguka nyuma, kichochoro cha Baghani
ambacho mtu mnene na baiskeli hawapishani,
unagonga geti la masista, unangoja paka akukague,
kisha unapita uani, kati ya kamba za mashuka.
Hivyo alinielekeza Zeyana wa darasani kwetu,
ambaye hajawahi kutia mguu humo,
ila kazaliwa nyumba ya tatu, na kengele ile
ndiyo iliyomwamsha kwenda chuoni kwa maalimu.
"Ukitaka kimya," alisema, "kimya kipo kwenu."

Kwetu! Mimi mtoto wa Namanyere,
kwetu ni matofali ya kuchoma, bati, na ngoma Dominika.
Hapa dari limepanda likasahau kushuka,
chumvi inawabandua watakatifu ukutani, kidogo kidogo,
sikio mwaka huu, mwakani kiganja.

Sikuja kusali. Niseme kweli.
Jumatatu tunatahiniwa mifupa,
na chumba changu Kikwajuni kimepakana na fundi mageti
ambaye mashine yake haijui muhula wala Ijumaa.
Nikakaa benchi la sita, upande wa Yosefu,
daftari pajani, macho nimeyafumba, nahesabu kwa vidole:
skafoidi, lunati, triketri, pisifomu.
Wa tano ukanitoroka.
Nikarudi mwanzo. Midomo inacheza,
kidole gumba kinatembea juu ya wenzake.

Mshika funguo ni Bi Ermelinda.
Mgoa wa mwisho wa kichochoro chake, asema mwenyewe;
wengine wako Lisboni, Toronto, na makaburini.
Gauni la maua, kandambili, ufagio.
Alisimama nyuma yangu, sijui tangu lini.
"Umefika tendo la ngapi, mwanangu?"

Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa mfupi.
"La tatu," nikasema.

Akaulaza ufagio sakafuni kama anayelaza mtoto,
akapiga goti la kwanza, likalia;
la pili likangoja ruhusa.
"Tendo la tatu. Yesu anatiwa miba kichwani."
Na mimi, daftari likiteleza,
nikaitikia kwa sauti nisiyoijua
mpaka nilipoijua: ya mama, saa moja usiku,
maharage yakitokota, akiikatiza Salamu Maria
kumkemea mdogo wangu asiguse sufuria,
kisha akiidaka palepale ilipokatikia.

Katikati ya tendo la nne ikaingia adhana ya alasiri,
kupitia kioo kilichovunjika juu ya mlango.
Bi Ermelinda akanyamaza. Si kwa kuudhika;
alivyonyamaza ni kama unapompisha jirani ngazini,
yeye ana ndoo kichwani, wewe mikono mitupu.
Ikaisha. Akaendelea.

Tulipomaliza hakuweza kuinuka.
Nikamshika mkono kumvuta, na chini ya ngozi ile,
nyembamba kama karatasi ya misale,
vidole vyangu vikasoma vyenyewe:
huu, huu, huu, huu,
na penye shina la kidole gumba, pamevimba, panauma,
miaka arobaini ya ufagio na funguo nzito,
ulikuwa umekaa pale, umetulia: trapezi.
"Polepole hapo," akasema.
Nikalegeza.

Akaliokota daftari langu kabla sijaliwahi.
Akautazama mkono niliouchora, hauna ngozi,
kila mfupa na jina lake, na pa tano pana alama ya kuuliza.
Akautazama sana.
"Tendo la tatu," akasema,
na kicheko chake kikapanda darini, kikakawia kushuka.
Kisha, ananisindikiza uani kwenye mashuka:
"Kesho ni matendo ya furaha. Saa tisa.
Na njoo na rozari, usihesabu vidole kama muuza ndimu."

Zeyana alikuwa barazani kwao, anajisomea mbavu.
"Umekipata?"
"Nini?"
"Kimya."
Nikafikiri lile goti, adhana, maharage, kicheko.
"Sikukipata," nikamwambia. "Nitarudi kesho."