Hamsini na Nne kwa Mia

Swansea, Jumanne, mvua ya rasharasha.
Nalalia ubavu wa kushoto, mkono kisogoni,
mafuta baridi chini ya kovu.
Nerys anakandamiza, ananiomba radhi:
nimekonda, kifaa kinagonga mfupa.

"Toa pumzi. Izuie hapohapo."

Kwenye skrini kilango kinapiga makofi.
Anafungulia sauti:
fwa-shu, fwa-shu,
kama mama anayefua shuka kwenye beseni
na hataki kusemeshwa.

Machi moyo ulisukuma sitini na mbili kwa mia.
Leo hamsini na nne.
Dawa inayowinda uvimbe hupita humu pia,
haibishi hodi.
"Utaendelea nayo," anasema, "ila urudi baada ya wiki sita."

Wahenga walisema moyo kichaka.
Nerys amekipima kichaka changu kwa milimita,
kuta, vyumba vinne, milango,
na hakumwona Mwanakheri, dada yangu,
ninayemwambia kila Ijumaa
kwamba ni mafua tu.

Nafuta kifua. Nafunga vifungo, nakosea kimoja.
Kituoni, basi halijafika,
napiga simu.
Inaita.
Leo Jumanne; atajua kabla sijasema.