Shibiri ya Mkude

Gerezani, saa nne, chuma kimeshapata moto.
Fundi Ambakisye kayapanga makucha chini ya turubai
kama viatu vya mtumba:
"Chagua, bosi, usiogope kujaribisha."

Mkobani nina karatasi ya zabuni:
miezi mitatu, kuzoa uchafu wa mto, Kigogo mpaka Jangwani.
Nina trekta dogo, mtumba wa mtumba,
na kijiko butu mbele yake
kinachobeba mchanga vizuri, na vingine vyote vibaya.

Mkude, dereva wangu, kakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Hajasema neno tangu tufike.
Masika iliyopita alifunga mnyororo kwenye gogo;
mnyororo ukakaza kabla hajatoa mkono.
Kidole cha mwisho kilibaki na mto.

La kwanza, la bei ya chini: meno marefu, reki ya jitu.
"Kwa matawi, kwa mizizi, hili halina mpinzani."
Na magodoro?
Godoro lililolala mtoni wiki mbili
lina uzito wa ng'ombe na halina mfupa hata mmoja.
Fundi akacheka. Tukalipita.

La pili limezibwa chini, bati nene, tumbo kubwa.
Nikalipenda. Nikaligonga kwa ufunguo
likajibu kwa sauti ya benki.
"Kilo mia nne na nusu," akasema,
"kabla hujabeba hata kandambili."
Nikaliona trekta langu likiinua matako,
magurudumu ya nyuma yakielea hewani
kama mtoto anayechungulia pipa la maji.

La tatu lilikuwa halijaisha. Meno yamepangwa tu,
hayajachomelewa yote. Juu, vifuniko viwili,
kila kimoja na pistoni yake.
Mshika mawili, nikamwambia, moja humponyoka.
"Ndiyo maana, bosi! Hiki kikigota kwenye gogo, kinasimama.
Mwenzake anaendelea kushuka mpaka alikute godoro."
Akanionyesha mipira ya oili, mipya,
na tundu la grisi, nisilisahau hata siku ya Idi.

Akawasha pampu. Kucha likafumba
juu ya tairi la Fuso, tairi likapumua mara moja.
Vijana wa duka la bolti wakapiga makofi.

Mkude akasimama.
"Linavyoshika nimeona.
Nionyeshe linavyoachia."

Fundi akasukuma wenzo.
Kucha likatulia. Kama linafikiri.
Oili ikalia mahali fulani ndani ya mpira,
midomo ya Mkude ikihesabu bila sauti,
ndipo tairi likadondoka.

"Nne," akasema. "Nne nyingi.
Mimi nilikuwa na moja tu."

Hakuna aliyepiga makofi.
Ambakisye akazima pampu, akajifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.
"Vali nitaibadilisha. Hiyo siihesabu kwenye bei."

Yakabaki meno. Yakae mbali kiasi gani,
tope na maji vipite, tairi lisipite?
"Shibiri moja," fundi akasema, chaki mkononi.
Mkude akatandaza kiganja juu ya chuma:
gumba huku, na kule
kidole cha pete kikijinyoosha, kikiishia njiani.

"Ya kwako fupi, ndugu yangu. Tupime yangu."
Mkude hakujibu, wala hakuondoa mkono.

Ukipima hiyo fupi, nikauliza, meno yanaongezeka mangapi?
"Mawili."
Shilingi ngapi?
"Laki na nusu. Na uzito utaongezeka, nisikufiche."
Kiasi gani?
"Kama mtoto wa darasa la kwanza."

Nikafungua mkoba.
Chaki ikaanzia kwenye gumba,
ikapanda, ikashuka, ikafika kule pasipo na kitu,
ikachora hapohapo.
Mkude alipoinua mkono, jua lilikuwa limemchoma kiganja.
Akakipulizia, akaenda kutafuta maji.