Tatu na Kipande

Mwalimu Mwalyego alibandika tangazo mlango wa jiko,
mahali pekee ambapo alijua tutasoma:
Ijumaa, baada ya kipindi cha nne,
tutasherehekea hesabu.
Tukacheka, kidato kizima.
Ni sawa na kualikwa harusi ya malaria.

Ilikuwa Machi, Isyonje, ukungu umelalia viazi
kama mtoto asiyetaka shule,
na baridi ile ambayo kidole hakishiki hata bikari.

Lusekelo alikuja na tai ya baba yake.
Yeye humtafuta eksi njiani akichunga,
na akimpata, humwambia ng'ombe.
Tumpelike hakuja. Alituma neno:
"Semeni naumwa. Naumwa tangu darasa la tatu,
siku fimbo iliponifundisha saba mara nane.
Jibu nimelisahau. Fimbo ninayo."
Ezekia alifuata ubwabwa, wala hakuficha.
Atupakisye alisema mwanamke anayejua kugawanya
hagawiwi makombo,
akakaa mbele, daftari wazi, kama anayedai deni.

Na mimi?
Nilikuwa na sifuri tatu mfululizo.
Nilikwisha kuzizoea
kama mtu anavyozoea kiatu kinachovuja.

Hapakuwa na hotuba. Mwalimu alitoa uzi wa kushonea magunia,
akagawa vitu vya mviringo:
sufuria, ndoo, tairi la baiskeli,
na kofia ya mlinzi, mzee Mwasomola,
kofia ambayo haijapatana na kichwa chochote.
"Zungusheni uzi. Kisha pimeni upana, ukingo hadi ukingo.
Upana unaingia mara ngapi kwenye mzunguko?"

Sufuria: tatu na kipande.
Ndoo: tatu na kipande.
Tairi tulilipima mara mbili kwa kutoliamini.
Hata kofia, jamani,
hata kofia ile:
tatu na kipande.

Lusekelo akalia, machozi ya kweli, tai ikalowa.
Ezekia akauliza, na kipande ni cha nani?
"Hicho," alisema mwalimu, "hakina mwisho.
Watu wanakifuata karne na karne,
hawajafika nyumbani kwake."
Halafu tukala.

Nilirudi na uzi mfukoni.
Mama alikuwa uani anafunga lumbesa,
gunia lenye nundu juu ya mdomo,
kile kilemba cha nyavu ambacho mnunuzi
hukiita desturi.
Sikutumwa na mtu. Nilizungusha uzi shingoni mwa gunia,
nikaupandisha mpaka kileleni,
nikaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko.
Debe moja na nusu, kila gunia, bure.
Msimu uliopita, magunia kumi na manne.
Madebe ishirini na moja.
Nikayageuza kuwa ada.
Nikayageuza kuwa sweta, kuwa bati mbili za pale panapovuja,
kuwa kile kidonda cha mguu wa Mama
ambacho tulikingoja kipone chenyewe.

Lilikuwa jibu langu la kwanza
kutoka sawasawa,
na niliomba niwe nimekosea.

Mama aliusoma ukuta, taa mkononi.
Hakusema kitu.
Akakata kamba,
akaanza kuvitoa viazi vya kilemba, kimoja kimoja,
akivihesabu kwa lugha ya mama yake,
polepole, kama anayeita watoto waingie ndani
giza limeshaingia.
Kesho mnunuzi angekuja na lori lake
na midomo yake.
Hilo halikuwamo kwenye hesabu yangu.

Jumatatu Tumpelike akaniuliza, sherehe ilikuwaje?
Nikamwambia ubwabwa ulikuwa na mchanga.
Nikamwambia nyoosha mkono,
nikauzungusha uzi kwenye kiganja chake,
palepale penye alama ya fimbo,
nikamwachia.