Lenzi Iliyogeuzwa

Mchana nauza nyuso: nne kwa elfu tano,
pazia jeupe nyuma, kidevu juu, usicheke,
serikali haitaki meno.
Jioni, foleni ikiisha,
naichomoa lenzi, naipindua,
uso wake uingie ndani, kisogo kitazame nje,
naikaza kwa kidole gumba na utepe mweusi.
Thembo fundi redio ndiye aliyenifunza:
"Ukitaka kuviona vidogo, Kabugho, tazama kinyumenyume."

Basi nimeona.
Ua la pamba siku ya kwanza, rangi ya siagi;
kesho yake limeona haya, limeiva waridi,
na sisimizi ndani yake, kapakaa chavua,
kama mpagazi aliyelala kwenye ghala la unga.
Nimeona chumvi ya Katwe.
Si unga. Ni nyumba:
kuta, paa, pembe zilizonyooka
na seremala hayupo.
Njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka
ina mashimo kama mwezi.
Na bomba la zamani la mgodi, pale shaba ilipovuja,
limeota msitu wa kijani usio na ndege.

Kwa umbali huu pumzi ni adui.
Nikihema, ua linahamia wilaya nyingine.
Moyo wenyewe ukidunda unaharibu kazi.
Kinachokaa sawasawa ni unene wa ukucha;
mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu,
kama Kilembe saa kumi na mbili asubuhi.
Kwa hiyo napiga magoti kwenye maharage,
beseni nimelisimamisha kukinga upepo,
na wapitao njiani wanauliza:
"Kabugho, umepoteza nini?"
Nawajibu sijapoteza kitu.

Jumapili nyuma ya nyumba
ua la boga lilikuwa limefunguka wazi,
nyuki kalewa ndani, hataki kutoka.
Nikaegemea kiwiko, kitu kikanichoma.
Kifungo.

Mto Nyamwamba ulipopita ndani ya nyumba zetu
ulichukua vikubwa: kabati, mbuzi,
ukuta wa jikoni,
shati la Baba, na Baba ndani yake.
Vidogo ulivisahau, au ulichoka kuvibeba.

Nikakiosha kwa mate, nikakilaza juu ya jani.
Nikasogea. Nikasogea tena.
Matundu manne. Ukingo uliomung'unywa na mchanga.
Mkwaruzo mmoja mrefu, barabara isiyofika popote.
Na katika tundu la kushoto, limekwama,
fundo la uzi, nyuzi tatu zilizosokotana,
bluu.

Mama akaleta chai.
Yeye aliyekataa miwani miaka sita
aliinama juu ya kioo cha kamera, akauliza:
"Hicho ni kisima?"
Kisha hakuuliza tena.
Chai ikatanda utando.
Nyuki akatoka, akazunguka, akarudi kule kule.

"Uzi mweupe ulikuwa umeniishia," alisema.
"Alilalamika, huyo!
Shati jeupe, Mbambu, uzi wa bluu?
Nikamwambia, vaa uende zamu,
nani atakuja kukukagua kifungo
kwa karibu namna hiyo?"

Akanitazama mimi, magoti yangu yenye tope,
beseni, utepe, jicho langu jekundu,
akaangua kicheko, meno yote nje,
hata pengo la upande wa kulia analolificha kanisani.

Nikainua kamera mbio
nikasahau kuigeuza lenzi.
Nilichopata ni ukungu mtupu, rangi ya chai,
na doa moja jeupe ambalo huenda ni jino.
Nimeuchapisha hivyo hivyo.
Uko studio, ukutani, juu ya orodha ya bei,
na wateja wakikaa kwenye kigoda, kidevu juu,
huuliza ni ua gani.