Mtengeneza Ngozi

Miaka ishirini na mitatu kwenye kiwanda cha ngozi, Nakuru,
mikono yangu hunuka chokaa hata Jumapili.
Ndiyo maana Bi Mirel aliponiita
kwenye nyumba yao ya sala, iliyobakiwa na waumini wanne,
nilisimama mlangoni nikificha viganja.
"Ingia, Shiundu. Mtaalamu wa vitabu yuko mbali,
na wewe unajua ngozi."

Akafungua kabati, akakunjua.
Ndama. Nilijua kabla ya kusogea:
ndama, si mbuzi, imekwanguliwa ikawa laini,
kipande kimeshonwa kwa kipande kwa nyuzi za kano.
Nikanyosha mkono. Akanizuia.
"Hii haiguswi kwa kidole."
Basi nikainama, nikainusa,
kama ninusavyo kila kinachofika kazini.
Moshi. Nta. Vumbi jeupe la ziwa letu.

Herufi zimesimama wima, hazina irabu.
"Sauti," akasema, "unakuja nayo mwenyewe."

Nikauliza: nani aliandika?
Akacheka kama mwanamke aliyeulizwa umri.
Baba yake alisema Musa, mlimani, neno kwa neno.
Kaka yake, aliyesoma ng'ambo, alisema mikono mingi:
wa kaskazini, wa kusini, makuhani,
na msokotaji mmoja asiye na jina.
Waligombana mezani mpaka supu ikapoa.
"Na ugomvi tuliuandika pia."

Akanionyesha kitabu kingine, kizito kama tofali:
katikati maneno machache,
pembezoni wazee wamejibanza wakibishana,
huyu kafa miaka mia nane kabla ya yule,
na bado anamjibu.
Zamani hayo yote yalikaa kichwani tu, akasema,
hayakuandikwa, mpaka vichwa vilipoanza kukatwa.

Nikamkumbuka bibi yangu, Butere,
aliyetaja vizazi kumi na vinne bila kalamu.
Akiruka jina moja
alirudi kwa wa kwanza, hata kama ugali unaungua.

"Tatizo liko hapa," akasema Bi Mirel.
Kidole kidogo cha fedha kikaonyesha:
herufi moja imebambuka.
Moja. Na kwa hiyo moja
gombo zima haliwezi kusomwa mbele ya watu.

Nikamwambia ukweli wa kazi yangu:
ngozi haijafa. Wino ndio ulioachia.
Weka bakuli la maji kabatini, hewa ya hapa ni kavu mno,
na umlete huyo mwandishi wenu.
"Na asipokuja?"
"Wewe ndiye unayejua."
"Tutaizika," akasema, "kaburini, kama mtu."

Kesho yake, ngozi mia mbili za viatu
zilikuwa zikizunguka kwenye pipa.
Nikaitoa moja, nikainusa.
Msimamizi akaniuliza natafuta nini.
Sikuwa na jibu.
Ilikuwa tupu, yenye maji,
haijaambiwa kitu bado.